Kuvuliwa na Kuvikwa: Dominika ya 18 ya Mwaka C

Masomo: Mhu 1:2, 2:21-23. Kol 3:1-5, 9-11. Lk 12:13-21.



Masomo ya Dominika hii yasema juu ya mali. Lakini tukiyasikiliza kwa makini twagundua kwamba mawili kati yake yasema pia juu ya usiku. Mhubiri atuonyesha mtu ajisumbuaye mchana kutwa, ambaye hata usiku moyo wake haupati pumziko. Naye Bwana wetu, katika Injili ya Luka, atusimulia habari za tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, akapanga kubomoa maghala yake na kujenga makubwa zaidi. Na usiku ule ule akaambiwa kwamba uhai wake unatakiwa.

Tumtazame vizuri tajiri huyu. Injili haisemi kwamba aliiba, wala haisemi kwamba alimdhulumu mtu. Tunachokiona ni kwamba yu peke yake. Ajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Kila asemalo laishia katika neno lile lile: mavuno yangu, maghala yangu, nafsi yangu. Hatumwoni mke, hatumwoni jirani, hatumwoni hata mtumishi mmoja wa kumwuliza, "Bwana, mambo haya umeyafikiri sawasawa?"

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mtu mwingine anayekesha peke yake huku akijiahidi ghala kubwa zaidi. Huyu hana shamba. Ana simu mkononi, na ndani ya simu hiyo zimo karata.

Katika parokia moja tuliyoitumikia alikuwako kijana fundi wa kushona nguo. Alikuwa mume wa mke mmoja na baba wa watoto wawili, mwanakwaya, na mhazini wa jumuiya ndogo ndogo. Haya tunayoyasimulia alitueleza nje ya kitubio, naye ametupa ruhusa kuyasema bila kumtaja jina, ili yawafae wengine.

Usiku mmoja, baada ya kumaliza kazi, alifungua katika simu yake mchezo wa karata wa kutafuta 21. Aliweka shilingi 5,000. Akashinda, zikawa 10,000. Akaziweka zote tena, zikawa 20,000. Hivyo hivyo alirudufu mara saba mfululizo, na kabla jogoo hajawika alikuwa na shilingi 640,000. Alituambia kwamba mikono ilimtetemeka, akatoka nje akapiga magoti uani, akamshukuru Mungu.

Dominika iliyofuata alileta shilingi 100,000 kuwa sadaka ya shukrani. Tulipomwuliza zilikotoka, alijibu kwamba amefanya biashara ya mtandaoni. Hatukuuliza swali la pili. Tulimwita mbele ya altare, tukamtaja kuwa mfano wa vijana wanaojishughulisha, na kanisa zima likampigia vigelegele. Ndugu zangu, tumeyakumbuka makofi yale mara nyingi, na tutayarudia kabla ya kumaliza.

Kwanza tuseme jambo moja kwa haki. Karata si dhambi. Katika pwani yetu zimechezwa kwa mamia ya miaka, na hata majina yake, kopa, uru, pau na shupaza, tuliyapata kwa Wareno. Wazee hukaa barazani jioni, wakachanga karata, wakagawa, wakataniana, na anayeshindwa hulipa kahawa. Kanisa nalo halikatazi mchezo kwa kuwa ni mchezo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, yafundisha kwamba michezo ya bahati na ya kuwekeana fedha si kinyume cha haki kwa yenyewe. Lakini haikubaliki inapomnyima mtu kile anachohitaji kwa riziki yake na ya wale wanaomtegemea. Na tena yaonya kwamba shauku ya kamari yaweza kumfanya mtu mtumwa.

Basi, ni nini kilichobadilika kati ya baraza na simu? Twaona mambo matatu.

La kwanza ni upweke. Barazani mtu akipoteza, wenzake humwona uso. Yuko mzee atakayemwambia, "Mwanangu, inatosha, rudi nyumbani." Ndani ya simu hayupo mzee. Mke amelala ubavuni asijue kwamba karo ya watoto inaondoka akiwa hatua moja tu kutoka pale ilipo.

La pili ni wepesi. Karata za mkononi zataka kuchangwa na kugawiwa, na watu husimama kidogo kunywa maji. Za kwenye simu hugawiwa kwa sekunde chache, hazichoki, wala meza haifungwi usiku wala mchana. Fedha nazo hazishikiki. Noti ya shilingi 10,000 ukiitoa mfukoni waiona ikiondoka. Tarakimu kwenye kioo hubadilika tu, kama saa ibadilishavyo dakika.

La tatu ni kwamba aliye upande wa pili wa meza si mwenzako. Katika mchezo huu wa 21, mchezaji huamua kwanza na mwenye meza hucheza mwisho. Mchezaji akipita 21 ameshindwa papo hapo, hata kama mwenye meza naye angepita baadaye. Katika kanuni hiyo ndogo ndimo yalimo mapato ya mwenye meza. Hana haja ya kudanganya. Katika mchezo mwingine uitwao poka, wachezaji hushindana wao kwa wao, lakini mwenye meza hukata sehemu yake katika fedha zinazowekwa, na kwa hiyo yeye hajali nani ameshinda. Haba na haba hujaza kibaba, nacho kibaba hicho si chetu.

Sasa turudi kwa fundi wetu na usiku wake wa furaha. Tuseme mchezo ule ungekuwa wa haki kabisa, nusu kwa nusu. Kama watu 128 wangeweka shilingi 5,000 kila mmoja na kujaribu kurudufu mara saba, kwa wastani angefika mmoja tu. Wengine 127 wangepoteza 5,000 zao. Fanyeni hesabu: 127 mara 5,000 ni 635,000, na hiyo hasa ndiyo faida aliyoipata usiku ule. Yaani shilingi zile hazikutoka mbinguni. Zilikuwa 5,000 za watu 127, mama muuza mboga, kijana wa bodaboda, mwanafunzi wa chuo, ambao nao walikuwa wamekesha peke yao. Na sadaka ile tuliyoipokea kwa vigelegele ilikuwa 5,000 za watu 20 kati yao.

Ulimwengu hupenda kumsimulia yule mmoja. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Marekani, Chris Moneymaker, ambaye jina la ukoo wake kwa Kiingereza lamaanisha mtengeneza fedha, aliingia kwa dola 86 katika shindano la poka la mtandaoni, akapata nafasi ya kwenda Las Vegas, na huko akashinda dola milioni 2.5. Habari hiyo ni ya kweli, nayo iliwavuta watu wengi sana katika karata za mtandao. Lakini katika shindano lile la Las Vegas walikaa mezani watu 839. Ni nani kati yetu awezaye kuwataja wale wengine waliotoka mikono mitupu? Mshindi hutangazwa, walioshindwa hurudi nyumbani kimya kimya, na mara nyingi wasiwaambie hata wake zao.

Wahenga wetu walisema, mchovya asali hachovyi mara moja. Fundi wetu alirudi usiku uliofuata, na mwingine, na mwingine. Mara nyingine alishinda, mara nyingi alishindwa. Katika miezi tisa zile 640,000 ziliisha, akaanza kukopa. Kisha ikaja kazi ya nguo za Komunyo ya Kwanza. Wazazi wa watoto 34 walichanga shilingi 25,000 kila mmoja kwa vitambaa vyeupe na ushonaji, jumla 850,000, nasi wenyewe tulimkabidhi fedha hizo mkononi.

Alijiambia kwamba atachukua 50,000 tu, na atazirudisha kabla ya jioni. Akapoteza. Ili kuzirudisha akaweka 100,000. Akapoteza. Akaweka 200,000, kisha 400,000. Akapoteza zote mbili. Zilipobaki 100,000 aliziweka nazo, kwa kuwa, alivyotuambia, aliona haya kubaki na fedha ambazo hazikutosha kununua chochote. Mfa maji haishi kutapatapa. Michezo mitano kwa jumla, na muda wake haukufika dakika kumi. Wala msidhani kwamba alipatwa na mkosi wa ajabu. Hata katika mchezo wa nusu kwa nusu, kushindwa mara tano mfululizo hutokea kwa wastani mara 1 katika kila 32. Anayecheza kila usiku atakutana na usiku huo. Ni suala la siku tu.

Baada ya hapo aliuza cherehani yake. Fedha za cherehani nazo zilikwenda njia ile ile. Mkewe aligundua alipoingia kufagia chumba cha kazi akaona alama nne za miguu ya cherehani sakafuni, na cherehani haipo.

Siku ya Komunyo ya Kwanza ilifika. Watoto wengi walikuja na nguo zao za kawaida, zimefuliwa na kupigwa pasi. Mama mmoja alikuwa amemshonea binti yake gauni kwa mkono kutokana na shuka jeupe, na mshono ulionekana. Tuliwahubiria kwamba vazi jeupe la kweli ni lile la ubatizo, nalo halinunuliwi. Tulisema kweli; lakini tulipowatazama watoto wale usoni, sauti yetu haikuwa na nguvu. Fundi hakuwapo kanisani.

Alikuja kwetu baada ya siku tatu, usiku. Twakumbuka neno lake moja kuliko yote. Alisema kwamba siku iliyomwangamiza si ile aliyopoteza fedha za watoto. Ni ile aliyoshinda. Laiti angepoteza zile 5,000 za kwanza, angekasirika, angelala, na asubuhi angeendelea na kazi.

Wapendwa, hili ndilo tunalotaka mlishike leo. Mara nyingi twafikiri kwamba kamari ina upande mzuri na upande mbaya, kupanda na kushuka, na kwamba mwenye akili atachukua upande wa kupanda na kuacha wa kushuka. Sivyo. Ni kamba moja. Kupanda ndiko kunakomfundisha mtu kuvumilia kushuka. Anaposhinda asema, "Leo ni siku yangu, niendelee." Anaposhindwa asema, "Siwezi kuacha sasa, nirudishe kwanza." Njia zote mbili zampeleka mezani. Waganga nao wameliona jambo hili. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeweka utumwa wa kamari katika kundi moja na utumwa wa pombe na wa dawa za kulevya. Kwa hiyo tusimtukane aliyenaswa kwamba ni mvivu au hana akili. Tamaa ilimwingiza, lakini akishaingia, nia peke yake mara nyingi haitoshi kumtoa.

Ni nini basi kitakachomtoa? Mtume Paulo, katika somo la pili, autaja uchoyo kuwa ni ibada ya sanamu. Kisha atumia mfano wa nguo. Awaambia Wakolosai kwamba wamemvua mtu wa kale na kumvaa mtu mpya. Kamari nayo huvua. Humvua mtu akiba yake, kisha kazi yake, kisha jina lake jema, mwisho humwacha uchi mbele ya mke na watoto. Swali ni nani atakayemvika.

Kanisa lina mtakatifu aliyelijua jambo hili mwilini mwake. Kamilo wa Lellis alizaliwa mwaka 1550 huko Bucchianico, Italia. Baba yake alikuwa askari na mcheza kamari. Mwana naye akafuata nyayo zote mbili. Alipokuwa akitibiwa kidonda cha mguu na kufanya kazi katika hospitali ya Mtakatifu Yakobo mjini Roma, alifukuzwa kwa ajili ya karata na ugomvi. Alimwekea Mungu nadhiri kwamba atabadilika, akaivunja. Mwaka 1574, mjini Napoli, alipoteza katika kamari silaha zake na kila alichokuwa nacho, na mapokeo yasema hata shati alilolivaa. Mtu yule mrefu, shujaa wa vita, akaishia kuomba sadaka mlangoni mwa kanisa huko Manfredonia.

Angalieni alivyoponywa. Kwanza alipewa kazi: kubeba mawe na chokaa katika jengo la watawa Wakapuchini. Alikuwa na watu waliomwona kila siku. Ndipo tarehe 2 Februari 1575, akiwa njiani, neno aliloambiwa na mtawa mmoja likamchoma moyo, akashuka akapiga magoti, akalia. Alirudi katika hospitali ile ile iliyomfukuza, akawatumikia wagonjwa, hata akawa msimamizi wake. Baadaye alianzisha Shirika la Watumishi wa Wagonjwa, na mwaka 1586 Papa Sisto wa Tano aliwaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1746. Karungu, karibu na Ziwa Victoria nchini Kenya, iko hospitali yenye jina lake, matunda ya shirika hilo. Aliyevuliwa shati na karata alivikwa msalaba, ili awavike wengine.

Tena tukumbuke kwamba chini ya msalaba wa Bwana wetu palikuwa na mchezo wa bahati. Askari walipiga kura juu ya kanzu yake, naye yu juu yao, amevuliwa nguo. Mwenye kuvuliwa siku ile ndiye anayetuvika sisi. Hakuna mcheza kamari aliye uchi kiasi cha kumwonea haya.

Ndugu makatekista na viongozi wa jumuiya, tuyashike haya machache.

Kwanza, tusibariki fedha kabla ya kuuliza zilikotoka. Kosa la parokia ile lilianza kwetu sisi, pale altareni. Kijana alihitaji mtu wa kumwuliza swali la pili, nasi tukampa makofi. Siku hizi tunapopokea sadaka kubwa kutoka kwa mtu tunayejua kipato chake, tunamwita pembeni kwa upole.

Pili, mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha za jumuiya zishikwe na watu wawili au watatu, zisomwe hadharani kila mwezi. Si kwamba hatumwamini mhazini. Twamlinda na usiku wake.

Tatu, tumtoe mtu katika upweke. Aliyenaswa amwambie mtu mmoja leo, kabla ya jua kuzama: mke, mzazi, katekista, padre. Fedha zake azishike mwingine kwa muda. Kampuni anayochezea aiombe imfungie akaunti. Aje kwenye Sakramenti ya Kitubio, na aende pia hospitali au kwa mshauri, kwa maana neema na dawa hazigombani.

Nne, tunapomsaidia tusimwekee fedha mkononi. Deni lilipwe moja kwa moja kwa anayedai, naye alirudishe kwa jasho lake, kwa kuwa amri ya saba yadai malipizi.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa fundi wetu. Akina mama wa WAWATA walimwazima cherehani. Kila mwezi alirudisha shilingi 20,000 kwa wazazi wa watoto wale, na simu ya fedha aliikabidhi kwa mkewe. Hatutaki kuwadanganya: mara mbili alianguka tena, na mara mbili alikuja kutuambia mwenyewe kabla hatujasikia. Wakati tulipohamishwa parokia ile deni lilikuwa halijaisha. Lakini siku ya kutuaga alituletea stola nyeupe aliyoishona kwa mkono wake. Hatukuhitaji kumwuliza ilikotoka. Tunaivaa kila tunapowabatiza watoto.

Tuwaombee leo wote walioamka asubuhi hii wakiwa wamevuliwa usiku, nao wameketi kanisani au kando ya redio bila kumwambia mtu. Ee Bwana, wewe uliyevuliwa kanzu yako kwa ajili yetu, wavike ndugu zetu hawa; utufundishe nasi kuuliza kwa upendo na kupokea bila dharau; na usiku wetu uwe wa pumziko, kwa kuwa hazina yetu iko kwako. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo!